Kungfu ya Zamani: Kwa Nini Hutuvuta Ingawa Ngumi Hazigusi, na Jinsi ya Kurekodi Pigano Kama Lile kwa Simu

Swali, kutoka Manyatta, Kisumu: "Sisi ni vijana saba. Tunapenda sana sinema za kungfu za miaka ya sabini na themanini, hasa zile ambazo madijei kama DJ Afro huzisimulia kwa Kiswahili na Sheng. Kila mtu anajua mapigano yale si ya kweli: watu kumi wanamzunguka steringi lakini wanaingia mmoja mmoja, ngumi inalia kama ubao, mtu anaruka juu ya ukuta bila ngazi. Bado hatuchoki kuzitazama. Tulipojaribu kurekodi pigano letu kwa simu, lilionekana la uongo na halikumvuta yeyote. Wale walifanya nini ambacho sisi hatufanyi? Na kuna lolote pale ambalo lingefaa katika ugomvi wa kweli?"

Jibu

Vijana wangu, nianze na swali lenu la mwisho kwa kuwa jibu lake ni fupi: kwa ugomvi wa kweli, karibu hakuna. Anayejifunza kujikinga kwa kutazama sinema hizo ataumia. Lakini hilo halipunguzi thamani ya sinema zenyewe hata kidogo. Uongo wake mkubwa umekaa mahali pamoja, pale ngumi inapokutana na uso. Mengi ya yaliyobaki, yaani kuruka, kuchuchumaa hadi chini, kugeuka kwa mguu mmoja, kuanguka chali sakafuni na kuamka papo hapo, yalifanywa kweli na watu waliojifunza kazi hiyo tangu utotoni. Nikisoma maelezo yenu naona mmekwenda njia ya kinyume: mmetumia nguvu zote kuifanya ngumi ionekane ya kweli, na mwili mzima ukaachwa bila kazi.

Jackie Chan, Sammo Hung na Yuen Biao walilelewa katika shule moja ya opera ya Kichina huko Hong Kong, chini ya mwalimu Yu Jim-yuen. Huko mtoto alifundishwa kuimba, sarakasi, kushika mkuki na upanga, na kuanguka, kila siku, kwa miaka. Yuen Wah, aliyetoka shule hiyo hiyo, ndiye aliyeruka sarakasi kwa niaba ya Bruce Lee katika Enter the Dragon ya 1973. Lau Kar-leung, aliyeongoza The 36th Chamber of Shaolin mwaka 1978, alikuwa na nasaba nyingine: babake alikuwa mwanafunzi wa Lam Sai-wing, naye Lam alikuwa mwanafunzi wa Wong Fei-hung, yule bingwa wa kusini mwa China ambaye amechezwa katika sinema nyingi kupindukia. Kwa hiyo mkimwona Gordon Liu, steringi wa sinema hiyo, akishuka kwenye kile kisimamo kipana, magoti yamepinda na mgongo umenyooka, mnaona Hung Gar halisi, mtindo wa kungfu wa kusini mwa China. Hapigani. Anaonyesha ufundi.

Katika opera hiyo pigano huchezwa kwa ngoma na upatu. Wachezaji hupishana kwa hatua zilizohesabiwa, silaha zinapita karibu na mwili bila kugusa, kisha wote wanasimama ghafla katika pozi ili mtazamaji awaone vizuri. Hakuna aliyelipa kiingilio akitarajia damu. King Hu alipotengeneza Come Drink with Me mwaka 1966 na Dragon Inn mwaka 1967, aliyempangia mapigano alikuwa Han Ying-chieh, mtu wa opera hiyo hiyo. Ndiyo maana sinema za wakati ule hazikukosea walipowafanya watu kumi waingie mmoja mmoja. Walikuwa wanafuata kanuni za jukwaa.

Pigano la kweli, kwa upande mwingine, halipendezi sana kulitazama. Ukitaka kuliona lilivyo, nenda Nakuru utazame mabondia wakijifua. Mji ule una historia ndefu ya ngumi, na Philip Waruinge aliletea Kenya medali ya shaba katika Olimpiki za Mexico mwaka 1968 na ya fedha Munich mwaka 1972. Raundi moja ni dakika 3, na inapokwisha hata mtu aliyejifua kwa miezi anahema. Sehemu kubwa ya dakika hizo ni kuzunguka, kupima umbali na kukumbatiana. Pigano la mwisho la sinema ya zamani linaweza kuchukua dakika 10, na mshindi bado ana pumzi ya kutoa hotuba.

Kuna mambo mengine matatu ambayo mwili wa binadamu hauyakubali. Kwanza, macho na ubongo huhitaji takriban sekunde 0.2 ili kuanza kujibu kitu kilichotokea ghafla, na ngumi ya haraka iliyotoka karibu humaliza safari yake katika muda kama huo. Hakuna anayeweza kukinga ngumi 12 mfululizo kwa kuzitazama. Bondia hujiokoa kwa umbali, kwa mikono iliyokaa juu tayari, na kwa kulisoma bega la mwenzake kabla mkono haujaondoka. Pili, fuvu ni gumu kuliko mkono: mfupa ulio nyuma ya kidole cha mwisho huvunjika kwa urahisi mtu akigonga kichwa bila glavu. Steringi angeshindwa kukunja ngumi kabla hajamfikia adui wa tatu. Tatu, anayeruka sentimita 50 kwenda juu hukaa hewani kwa sekunde 0.64 tu, na akiwa huko hawezi kubadili mwelekeo. Mpinzani akipiga hatua moja pembeni, teke la kuruka limekwisha. Yale mateke matatu hewani katika mruko mmoja yalipatikana kwa trampolini iliyofichwa chini ya picha, kwa waya, au kwa kuunganisha mikato miwili.

Sasa tuje kwenye kazi yenu.

Mko saba. Gawaneni hivi: steringi mmoja, adui mkubwa mmoja, wafuasi watatu, mpiga picha mmoja, na wa saba awe mpiga ngoma ambaye pia ana mamlaka ya kusimamisha kila kitu akiona hatari. Msiwe na wafuasi zaidi ya watatu katika picha moja. Wakifika watano bila mazoezi ya kutosha, wawili lazima watabaki wamesimama wakirukaruka mahali pamoja, na hicho ndicho mtazamaji anachokicheka. Si kule kusubiri zamu kunakochekesha, ni kusubiri bila kazi. Wapangaji hodari wa Hong Kong walimpa kila anayesubiri jambo la kufanya hadi zamu yake ifike: huyu anaamka kutoka alikoangushwa, yule anamwinua mwenzake, mwingine anazunguka ili amkate steringi kwa nyuma, wa nne ameingia akarudishwa na fimbo iliyopita mbele ya kifua chake. Pia walitumia vitu. Angalieni sinema za Jackie Chan tangu 1978: kuna benchi, meza, nguzo. Benchi likiwa katikati, watu watatu hawawezi kumfikia mmoja kwa pamoja, na mtazamaji haulizi kwa nini. Jambo la mwisho hapa ni mpishano. Anayefuata aanze kushambulia wakati aliyetangulia bado anaanguka, kabla mgongo haujagusa ardhi. Mkingoja atulie chini kwanza, pigano linakufa kila baada ya sekunde tatu.

Upangaji wa hatua zenyewe ufanyeni kwa ngoma. Hapa magharibi tuna hazina ambayo mtu wa Hong Kong angeielewa mara moja: isikuti ya Waisukha na Waidakho wa Kakamega, ambayo UNESCO iliiweka mwaka 2014 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kulindwa haraka. Ngoma zake ni tatu, kubwa, ya kati na ndogo, na tayari zinazungumza kwa kupokezana. Ohangla ya Waluo pia itafaa. Ngoma ndogo ihesabu kukinga, ya kati ihesabu mapigo ya mwili, kubwa ilie mara moja tu kwa pigo la kumaliza, kisha kimya cha sekunde moja au moja na nusu ambamo wote wamekaa kwenye pozi. Msiuondoe ukimya huo. Kosa kubwa kabisa la wanaoanza ni kupiga mfululizo bila kituo: mapigo 20 yanayofanana yanasikika kama mvua juu ya mabati, na baada ya sekunde 10 hakuna anayesikiliza. Jaribuni mpangilio wa mapigo 3, kituo, 5, kituo, kisha 2 mazito.

Kwa maoni yangu, kundi lisilo na sarakasi lisimfuate Jackie Chan. Lifuate Bruce Lee. Katika The Big Boss ya 1971 na Fist of Fury ya 1972 anasimama, anatazama, anapiga mara moja au mbili, mtu anaanguka, naye anatazama tena. Mapigo ni machache na vituo ni virefu. Hatua zake mnaweza kuzijifunza kwa wiki mbili. Za Jackie Chan zinahitaji utoto mzima.

Mazoezi yaende kwa ngazi nne: mwendo wa robo, wa nusu, wa robo tatu, halafu mwendo wa kurekodi, ambao haufiki kasi yenu yote. Msipande ngazi kabla ya kurudia mpangilio mara tano bila mtu kusahau. Anayeanza kusahau akiwa na kasi ndiye anayempasua mwenzake mdomo. Kila kipande cha picha kiwe na hatua 5 hadi 8. Dakika moja ya pigano itahitaji hatua kama 35 na vipande 5 hadi 7, pamoja na mapozi. Tengeni jioni mbili za mazoezi na asubuhi moja ya kurekodi.

Kuhusu umbali, mpigaji akinyoosha mkono wote, ngumi iishie sentimita 20 kabla ya uso. Nyinyi anzeni na 30. Umbali huo unafichwa na mahali kamera iliposimama. Lenzi, ngumi na uso vikae kwenye mstari mmoja, yaani mpiga picha asimame nyuma ya bega la mpigaji au nyuma ya bega la anayepigwa. Akisimama ubavuni, pengo litaonekana hata mpunguze mpaka sentimita 5, na nadhani hapo ndipo mlipoharibikiwa. Ngumi ya kuzunguka ni rahisi kuficha kuliko ya kunyoosha kwa sababu inakata mbele ya uso wote. Simu iwe mita 4 au 5 kutoka kwenu, kwenye zumu ya 2, maana zumu hukaribisha vitu vilivyo mbali na pengo linapungua machoni. Ile lenzi pana ya 0.5 iacheni kabisa kwa mapigo ya uso, kwa kuwa inafanya kinyume. Mateke ya kifuani ni habari tofauti. Mengi ya wale wa zamani yaligusa kweli, huku sponji ikiwa ndani ya shati. Nyinyi mnaweza kugusa kwa kusukuma na unyayo wote, bila kisigino, na aliyepigwa aruke mwenyewe kwenda nyuma.

Anayepigwa ana kazi kubwa kuliko anayepiga. Kichwa kiende upande ule ule ngumi inakoelekea, kidevu kikitangulia, kisha bega, kisha kiuno. Simu inayorekodi picha 30 kwa sekunde itafichua kuchelewa kwa picha 3 tu. Kuwahi ni kubaya zaidi, na husababishwa na woga: mtu anafumba macho na kuanza kuanguka kabla ngumi haijafika. Dawa yake ni kutazamana machoni na kutumia pumzi kama ishara, mpigaji atoe pumzi kwa sauti anapoanza. Mpigaji naye asisimamishe mkono pale uso ulipo. Mkono upite, umalize njia yake, halafu ndio urudi. Ngumi inayosimama hewani ndiyo humfanya mtazamaji aseme hawa wanaigiza.

Mpiga picha asikimbie na simu. Aiweke kwenye kigoda chochote imara, picha ichukue miili yote kuanzia nyayo hadi juu ya kichwa, na nafasi kidogo pande zote mbili. Picha pana ya kampuni ya Shaw Brothers ilikuwa na upana wa zaidi ya mara mbili ya kimo chake, na walifanya hivyo makusudi, kwa sababu mnaponiachia nione miguu yenu nawaamini. Sinema nyingi za siku hizi hutikisa kamera na kukata kila sekunde ili kumficha mwigizaji asiyejua kusimama. Nasikitika kuona vijana wakiiga hilo wakidhani ndio ukisasa.

Kasi nayo ilisaidiwa. Sinema huonyeshwa kwa picha 24 kwa sekunde. Kamera ikirekodi picha 22, mwendo unaongezeka kwa asilimia 9. Ikirekodi 20, kwa asilimia 20. Ikirekodi 18, kwa thuluthi nzima. Kwenye programu ya kuhariri ongezeni kasi ya mikono hadi 1.15 au 1.2, na miguu 1.1. Mkizidisha hapo, nguo na nywele zinawasaliti. Kuanguka na kuruka msikuongezee kasi kamwe: ule mruko wa sekunde 0.64 ukipewa kasi ya 1.2 unakuwa sekunde 0.53, na jicho la mtu, ambalo limeona vitu vikianguka tangu utotoni, linajua mara moja kuna jambo si sawa. Kateni kipande pale mguu unapoondoka ardhini na mkirudishe kwenye kasi ya kawaida.

Kuna tatizo la jua ambalo wengi hulilaumu kwa simu. Adhuhuri ya Kisumu ina mwanga mwingi mno, na simu ikiachwa ijichagulie itafungua jicho lake kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kila picha inatoka kali, bila ukungu wa mwendo, na mkono unaonekana ukirukaruka badala ya kupita. Mnahitaji 1/60 ya sekunde mkirekodi picha 30 kwa sekunde. Rekodini kabla ya saa mbili na nusu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni, na mfunge kipimo hicho kwenye mpangilio wa kamera wa kujichagulia wenyewe (manual). Kama bado kuna mwanga mwingi, ingieni kwenye kivuli cha jengo. Jua la utosini pia hutia giza kwenye matundu ya macho, na pigano lisilo na macho halina hisia.

Vaeni mashati meusi au ya buluu iliyoiva na mpake kijiko kimoja cha chai cha vumbi kavu lililochekechwa, au poda, pale pigo litakapotua: kifuani, mgongoni, pajani. Pigo likifika, vumbi hutoka na mtazamaji huona nguvu ambayo haikuwepo. Hilo nalo ni jambo la kawaida la Hong Kong. Msipake shingoni wala usoni. Likiingia machoni siku imekwisha.

Kuruka juu ya ukuta kuna njia rahisi isiyohitaji waya. Mtu asimame juu ya ukuta wa mita 1, aruke chini kinyumenyume, kisha picha igeuzwe irudi nyuma. Wa zamani walifanya hivyo mara nyingi. Kinachofichua hila hii ni vumbi linalorudi ardhini na magoti yanayokunjika anapotua, kwa hiyo mwagieni maji pale chini kidogo tu, na mkate picha kabla magoti hayajakunjika. Waya na kamba msizijaribu. Mtu akining'inizwa kwa mkanda usio wa kazi hiyo, uzito wote unakaa kwenye mbavu na mgongo.

Kuanguka kufundishwe kwanza, kabla ya ngumi hata moja. Kidevu kwenye kifua, mgongo umeviringwa, mikono inapiga chini kwa viganja vyote pembeni ya mwili, na kamwe mtu asijizuie kwa mkono mmoja ulionyooka, maana kifundo au kiwiko kitakwenda. Tandikeni magodoro mawili, au masanduku tupu ya katoni yaliyopangwa tabaka mbili na kufunikwa turubai. Katoni hubonyea polepole na ndiyo iliyowaokoa wengi kule. Msivuke mita 1 kwenda juu. Jackie Chan mwenyewe, pamoja na mafunzo yake yote, alipasuka fuvu alipoanguka kutoka mtini akirekodi Armour of God huko Yugoslavia, na ikabidi apasuliwe. Angalieni pia ardhi. Udongo mweusi wa uwanda wa Kano ukinyeshewa hushika unyayo huku mwili ukiendelea kugeuka, na goti ndilo linalolipa. Mchanga mkavu karibu na ziwa, upande wa Dunga, au uwanja wa nyasi fupi ni salama zaidi, mkishaokota chupa na mawe.

Silaha ziwe paipu nyembamba za plastiki zilizozungushiwa sponji na tepu. Mianzi mikavu hupasuka na kutoa vibanzi. Panga la kweli lisionekane kabisa mahali pa kazi, hata kama ni butu. Kabla ya kuanza, waambieni majirani na mzee wa mtaa siku na saa; vijana saba wanaopigana bila maelezo, mmoja akipiga mayowe, wanaweza kuvuta umati unaokuja kuingilia kati kwa mawe.

Sauti ni nusu ya raha yote. Kwa miaka mingi sinema za Hong Kong zilirekodiwa bila sauti, na maneno, nyayo na ngumi vyote viliongezwa studio. Ndiyo sababu midomo haiendi na maneno hata kwa Kichina, na ndiyo sababu pia zilikubali kwa urahisi kusimuliwa upya na madijei wetu. Msitafute sauti za ngumi mtandaoni, tengenezeni zenu. Ingieni chumba chenye mablanketi ukutani. Kwa mvumo wa mkono, pitisheni ufito mwembamba wa mita 1 mbele ya simu, sentimita 30 hivi. Kwa kukinga, taulo lililoloweshwa na kukamuliwa, likunjwe na kupigwa mezani. Kwa pigo la mwili, ngumi kwenye gunia la mahindi. Kwa mfupa, vunjeni muwa mbele ya simu, na kwa bahati mko karibu na Muhoroni na Chemelil ambako miwa haikosi. Mvumo uanze picha 3 au 4 kabla ya pigo, pigo likae kwenye picha ile ile ambayo kichwa kinabadilisha mwelekeo, pumzi ya aliyepigwa ifuate picha 2 baadaye. Kukinga kulie juu na kwembamba, pigo la mwili liwe zito, ili hata anayesikiliza bila kutazama ajue nani anazidiwa.

Na msisahau kilichotangulia pigano. The 36th Chamber inatumia sehemu kubwa ya muda wake kwenye mafunzo: kijana anabeba maji mikono imenyooka, visu vimefungwa chini ya mikono yake, hadi misuli inakubali. Anapopigana mwishoni, kila hatua tunajua aliipata wapi na ilimgharimu nini. Hapo ndipo mtoto wa Nyalenda au wa Kaptembwo kule Nakuru anapojiona, kwa kuwa ustadi ule haununuliwi na haurithiwi. Mkitengeneza filamu ya dakika 5, toeni dakika moja na nusu kwa mafunzo. Dumu la lita 20 litafaa sana, ila lisiwe tupu, maana dumu tupu halivuti bega chini na mwili hauinami upande wa pili. Tieni lita 8.

Mkihariri, pigo la kumaliza lionyesheni kutoka pande mbili, na kipande cha pili kianze picha 3 nyuma ya pale cha kwanza kilipoishia, ili mwendo ule urudiwe kidogo sana. Jicho halioni marudio, linahisi uzito. Fanyeni hivyo mara moja au mbili tu katika pigano zima. Kisha zimeni sauti, mwonyesheni mtu ambaye hakuwepo, mumuulize nani alimpiga nani, kwa mkono upi, na adui mkubwa alikuwa amesimama wapi. Kipande atakachoshindwa kukieleza, kirekodini upya kesho yake, kabla hamjagusa sauti.